Mama, Mwache Mwanao Akashindane

Kazi ya karani wa parokia ni kazi ya vitabu. Watu hunijia kutaka vyeti vya ubatizo kwa ajili ya ndoa, kwa ajili ya Kipaimara, kwa ajili ya seminari. Mwaka jana, siku moja ya soko, alinijia mama mmoja wa hapa kwetu Bugene, akaomba cheti cha mwanawe wa miaka 15. Nikafungua daftari, nikamwuliza, "Ni cha Kipaimara, Mama?" Akatazama chini, akajibu, "La, Mwalimu. Ni cha kupigana."

Nilifunga daftari kwanza.

Kumbe kijana alikuwa akijifunza karate jioni katika uwanja wa shule, yeye na wenzake wapatao kumi na wawili. Alikwisha pata mkanda wa njano. Mwalimu wao alitaka kuwapeleka Bukoba kushindana na vijana wa huko, na walioandaa mashindano walitaka uthibitisho wa umri, ili mtoto wa miaka 15 asije akasimamishwa mbele ya mtu mwenye ndevu. Mama alikuwa na maswali mawili. Kwanza, je, jambo hili ni dhambi? Pili, je, yafaa kuuza debe la maharage kwa ajili ya nauli? Swali la kwanza lilikuwa la Baba Paroko, na la pili lilikuwa la baba wa mtoto. Lakini yote mawili yaliwekwa juu ya meza yangu. Na kwa kuwa najua wako wazazi wengine wengi wanaojiuliza hayo hayo, nimeona afadhali nijibu humu gazetini.

Wengi wetu tuliijua karate katika vibanda vya sinema. Humo twaona mtu mmoja akiwaangusha watu ishirini, akiruka juu ya paa, akipigwa kwa gongo asiumie. Basi mtoto akisema anajifunza karate, mzazi hufikiri ya paa na gongo. Wengine huongeza kwamba lazima kuna hirizi ndani yake. Ndugu zangu, karate maana yake ni mikono mitupu. Ilitoka kisiwa cha Okinawa, na mwaka 1922 mwalimu mmoja wa shule, Gichin Funakoshi, aliionyesha mjini Tokyo, ikaenea Japani yote, kisha dunia nzima. Kwetu Tanzania, Mmarekani mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani aliifundisha Dar es Salaam, pale Zanaki, katika miaka ya 1970. Ndugu yake karate ni judo, mchezo wa kukamatana na kuangushana, ambao Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliwafundisha vijana wa Zanzibar baada ya kuhamia kule. Mtanzania Andrew Thomas Mlugu aliicheza judo katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na tena Paris mwaka 2024. Hakuna paa, hakuna hirizi. Mwalimu akimwambia mtoto wako avae hirizi au anywe dawa ili ngumi isimwingie, mwondoe mtoto siku hiyo hiyo. Huyo si mwalimu wa karate, ni mganga aliyevaa nguo nyeupe.

Na kule kuinama je? Mama yule aliliuliza hilo kwa sauti ndogo. Alikuwa amewaona watoto wakiinama mbele ya mwalimu, akaogopa kwamba wanaabudu. Nikamwuliza, "Mama, binti yako akimsalimu bibi yake hapiga magoti?" Akacheka. Basi kuinama kwa Wajapani ni salamu, kama sisi Wanyambo tunavyopiga magoti mbele ya wazee, na hakuna Padre aliyewahi kutukataza. Wanaoshindana huinamiana kabla ya kuanza, na huinamiana tena baada ya kumaliza, hata kama mmoja ametoka damu puani. Hiyo ya pili ndiyo ngumu.

Sasa nakuja kwenye kiini cha neno. Mzazi mwingine atasema: vema, mtoto na ajifunze, atapata mwili wenye afya na ataacha kuzurura Omurushaka. Lakini kushindana kwa nini? Si inatosha akijifunza uwanjani pamoja na wenzake?

Haitoshi, nami naijua sababu yake mwilini mwangu. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilijifunza karate miaka miwili. Nilikuwa na mkanda wa kijani, nami nilitembea nao kana kwamba barabara yote ni yangu. Wenzangu chuoni walikuwa wakinirushia ngumi nami nikizizuia zote. Kisha tukaenda kushindana na chuo kingine. Nikapangiwa kijana mfupi, mwembamba, mwenye sura ya mtu aliyekuja kuuza karanga. Tukainamiana. Sikumbuki vizuri kilichofuata, ila kwamba niliona dari. Nilisimama, nikaona dari mara ya pili, na mwamuzi akainua mkono wa muuza karanga.

Usiku ule nilifikiri sana, nikagundua jambo ambalo nimewaambia vijana wengi tangu hapo. Mwenzako wa mazoezi hukukopesha mkono wake. Anajua unataka kuzuia upande wa kushoto, naye anakupigia upande wa kushoto, kwa mwendo unaouweza, maana ni rafiki yako na kesho ni zamu yako kumkopesha wa kwako. Hakuna ubaya, ndivyo tunavyojifunza sote. Ila mtu akikaa miaka mingi katika mikopo ya namna hiyo, huanza kudhani ni mali yake. Siku ya mashindano hukutana na mtu asiyemdai kitu wala kudaiwa naye. Huyo hakukopeshi. Ndipo unapojua una shilingi ngapi mfukoni.

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alilijua jambo hili. Naye alikuwa mwalimu, tena kwa miaka mingi mkuu wa chuo cha kufundishia walimu mjini Tokyo, ndiyo maana nampenda. Alitaka wanafunzi wasikariri mikamato tu kama watoto wanaokariri Katekisimu bila kuielewa. Akawapa mazoezi ya kushikana kwa kweli, kila mmoja akijitahidi kumwangusha mwenzake na huyo akikataa kuangushwa. Mapema, mwaka 1884, alianzisha mashindano ya kikosi chekundu na kikosi cheupe. Mikamato iliyokuwa ya hatari mno aliiweka kando, isitumike katika kushindana. Kwa hiyo watu wake waliweza kutumia nguvu zao zote kila siku na kesho yake wakarudi wazima.

Lakini nisikufiche kwamba Funakoshi, yule wa karate, hakuyapenda mashindano. Aliona kwamba mtu akitafuta pointi atasahau kujitawala, na kwamba pigo la karate si kitu cha kuchezea. Mashindano makubwa ya chama cha karate cha Japani yalianza mwaka 1957, mwaka ule ule aliofariki. Mzee alikuwa na neno. Mimi mwenyewe nimewaona vijana ambao, kwa kupenda vikombe, hujifunza pigo moja tu linaloleta pointi, na mengine yote wanayaacha yaote kutu. Tena wapo wanaorudi na kikombe wakawa hawawezi kusalimia watu. Kama ningekutana na mzee Funakoshi ningemkubalia hayo yote, kisha ningemwomba aitazame siku moja ya Agosti mwaka 2021.

Siku hiyo, tarehe 7, karate ilikuwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko huko Tokyo. Katika fainali ya wanaume wa uzito mkubwa walikutana Tareg Hamedi wa Saudia na Sajad Ganjzadeh wa Irani. Hamedi alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1. Akarusha teke la juu, likampata Ganjzadeh shingoni, akaanguka amezimia, akatolewa kwa machela. Ingekuwa sinema, hapo ndipo watu wangepiga makofi. Ingekuwa ugomvi wa kilabuni, hapo ndipo mshindi angeagiziwa rubisi. Waamuzi walikutana, wakasema teke lile lilikuwa na nguvu isiyoruhusiwa. Hamedi akaondolewa, na dhahabu akapewa yule aliyelala. Alipozinduka aliambiwa kwamba ndiye bingwa.

Fikiri, msomaji. Ni wapi pengine mtoto wako atafundishwa kwa ukali namna hiyo kwamba nguvu isiyotawaliwa ni hasara kwa mwenye nguvu? Sisi tunamwambia kwa maneno, naye anasikia kwa sikio moja. Hamedi alilia mbele ya ulimwengu wote. Na tena alisimama na Ganjzadeh jukwaani kupokea nishani yake ya fedha, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko teke.

Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1964, judo ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, nayo Tokyo, Wajapani walitumaini kwamba hakuna mgeni atakayewashinda katika mchezo wao wenyewe. Katika fainali ya wazi, isiyo na kipimo cha uzito, Mholanzi Anton Geesink, jitu la karibu mita mbili, alimkandamiza Akio Kaminaga mkekani mpaka muda ukaisha. Ukumbi ukanyamaza kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Waholanzi wachache kwa furaha wakaanza kukimbilia mkekani wamkumbatie mtu wao. Geesink, akiwa bado juu ya mkeka, akainua mkono kuwazuia. Mpaka ainamiane na Kaminaga, sherehe ilikuwa haijaanza. Inasemwa sana kwamba mkono ule uliwafanya Wajapani wamheshimu kuliko ushindi wake.

Mtume Paulo naye aliyajua mambo haya. Karibu na Korintho palikuwa na mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili, na Wakorintho waliyapenda kama sisi tunavyopenda mpira. Ndiyo sababu aliwaandikia juu ya wapiga mbio, na juu ya mpiga ngumi asiyepiga hewa bure, anayeutiisha mwili wake mwenyewe. Na kwa Timoteo aliandika kwamba mshindani hapati taji asipofuata sheria za mchezo. Hakuwaambia waache kushindana. Alichukua mfano kwao.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningesema mashindano peke yake humfanya mtu kuwa mwema. Kijana wa yule mama, ili afike Bukoba, hupanda gari, hupita ile lami ya kilometa 59 kutoka Bugene mpaka Kyaka, karibu na daraja la mto Kagera. Wazee wetu wanajua kilichopata daraja la pale. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia nchini, wakaishika ardhi yote ya kaskazini ya mto, wakaua watu na kuswaga ng'ombe, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Idi Amin alikuwa nani? Katika miaka ya 1950 alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda. Alikuwa amepanda ulingoni mara nyingi, amevaa glavu, ameshikana mikono, ametii kengele. Hata vita ilipokuwa inaendelea ilitangazwa kwamba anamwita Mwalimu Nyerere wapigane ngumi, Muhammad Ali awe mwamuzi! Watu wa Kagera hawakucheka.

Kwa hiyo usinidhanie kwamba nauza dawa ya kila ugonjwa. Ulingoni Amin alikuwa na mwamuzi juu yake. Alipokuwa rais, kila mtu aliyethubutu kumwambia "acha" alinyamazishwa. Mashindano humpa kijana dakika chache za kutii sheria huku damu imechemka. Kama nyumbani hatii neno, na kama mwalimu wake mwenyewe humtukana mwamuzi, dakika hizo zitapotea kama maji mchangani. Mwalimu wa mtoto wako mtazame zaidi anaposhindwa kuliko anaposhinda.

Wapo waliotendea mema ngumi zao, nasi tunawasahau upesi. Titus Simba alipata nishani ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970. Katika fainali alishindwa na Mwingereza John Conteh, ambaye baadaye akawa bingwa wa dunia. Michael Yombayomba alitupatia dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998. Na Birmingham mwaka 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba. Vijana wetu hapa wanawajua wachezaji wa Ulaya mpaka namba za jezi zao. Majina haya wachache sana wanayajua.

Sasa juu ya hatari, maana mama hakukosa kuuliza. Robert Wangila, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya ngumi katika Olimpiki, huko Seoul mwaka 1988, aligeukia ngumi za kulipwa, na mwaka 1994 alikufa Las Vegas kwa jeraha la kichwa baada ya pambano. Kichwa cha mtoto si ngoma. Mimi binafsi sipendi mtoto apigwe kichwani, na ningekuwa na mtoto wa kumpeleka ningeanza na judo, au karate ambayo ngumi ya kichwani hugusa tu au huishia kabla ya kufika. Ngumi za kulipwa ni habari nyingine kabisa, siisemei hapa.

Basi mzazi umwulize mwalimu maswali, wala usione haya, hata kama hujui mkanda mmoja kutoka mwingine. Je, watoto watapangwa kwa umri na kwa uzito, au kwa kukadiria kwa macho tu? Kuna mganga au muuguzi pale ukumbini? Watoto watavaa kinga ya meno? Mtoto akizimia, au akilalamika kichwa au kutapika, ataondolewa mashindanoni na kupelekwa hospitali, au ataambiwa ajikaze kiume? Mwalimu akikasirika kwa maswali hayo, umekwisha pata jibu. Uliza pia wanalala wapi, na nani yuko pamoja na wasichana. Maana wasichana nao wanacheza. Judo ya wanawake imo katika Olimpiki rasmi tangu mwaka 1992, na sioni kwa nini binti wa Karagwe abebe ndoo ya maji ya lita 20 kichwani halafu aambiwe kuwa mkeka ni mgumu mno kwake.

Tena kuna Jumapili. Mashindano mengi huwekwa siku hiyo. Watoto wanaweza kwenda Misa ya Jumamosi jioni au ya alfajiri mjini, lakini hilo lipangwe kabla ya gari kuondoka, si kukumbukwa jioni wakati wa kurudi. Na mkiona watu wazima wamekaa pembeni wakiwekeana pesa juu ya watoto wanaopigana, chukueni watoto wenu mwondoke. Kuwawekea watoto kamari kama majogoo ni aibu.

Nirudi kwa yule mama. Baba Paroko alimwambia si dhambi. Mumewe alisema debe la maharage ni debe la maharage. Wakabishana siku tatu, kisha mzee akakubali nusu debe, nusu nyingine mwalimu akaichangisha kwa wazazi wengine. Nikaandika cheti, nikapiga mhuri. Kijana akaenda.

Jumatatu nilimwona akipita mbele ya ofisi, jicho la kushoto limevimba kidogo. Nikamwita. Akaniambia alishinda pambano la kwanza. La pili alishindwa na kijana wa Bukoba aliyekuwa na miguu mirefu kama ya korongo. Nikamwuliza alishindwaje. Nilitazamia visingizio, maana mimi kwa muuza karanga nilivitoa vingi: sakafu ilikuwa na utelezi, mwamuzi alikuwa wa chuo chao, niliumwa tumbo. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, nilikuwa nikishusha mkono wangu wa kushoto kila nilipotaka kupiga. Yeye aliuona mara ya pili tu. Hapa nyumbani hakuna aliyeniambia." Kisha akanionyesha pale pale mlangoni, polepole, mkono ulivyokuwa ukishuka na teke lilivyoingia. Akaniambia pia jina la yule wa miguu mirefu na shule anayosoma, na kwamba walikula ndizi pamoja stendi wakati wa kungoja gari.

Tangu siku ile nimemwona mara nyingi jioni uwanjani, mkono wa kushoto amejifunga kwa kamba ya mgomba kwenye mkanda, usishuke. Mwezi uliopita, bila mtu kumwomba, aliamua ugomvi wa wavulana wawili kisimani kwa kusimama katikati yao tu, na hakuinua hata kidole.

Na juma hili mama yake amenijia tena. Safari hii hakutazama chini. Binti yake wa miaka 12, mdogo wake yule kijana, naye anataka cheti. Nimekwisha lifungua daftari la mwaka wake. Jina lake liko katika ukurasa ule ule na mapacha wa katekista, na mapacha nao, nasikia, wameanza kuja uwanjani.